Mpini Ulionivunja Taya

Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa, mie nipo jikoni kwangu Mwananyamala, mkono wa kulia umeshika mpini wa mashine ya kahawa, nimeuvuta mpaka nusu. Hapo ndipo akaingia bibi wa nyumba ya tatu. Kwetu mwanamke mwenzio hakai barazani akasubiri kukaribishwa, anapitiliza mpaka uani, na bibi yule ni mtu mzima kuliko mama yangu, macho yake yanaona kivuli tu. Akanyoosha mkono hewani, anatafuta wangu.

Mtu mzima humpi mkono wa kushoto. Wala hukai ukafikiri, mwili unajua wenyewe. Nikauachia mpini, nikainama kumpokea, nikasema "shika". Ile "moo" haikutoka. Mpini ulirudi juu kama umeitwa, ukanikuta palepale nilipoinamia, chini ya kidevu.

Nilisikia mlio ndani ya kichwa kama mtu kavunja muwa. Nilipopata akili nimekaa chini, meno mawili yako kiganjani, na bibi wa watu anauliza, "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Mbona kimya?"

Bibi sina neno naye. Nasema mapema ili wanaonifahamu wasije wakamtafuna. Wenye makosa nawajua, na nitawasema hapa kila mmoja na lake. Majina yao siandiki kwa sababu mama yangu yu hai, naye kila kinachoandikwa husomewa.

Mashine ililetwa na mdogo wangu. Yeye ni dereva. Alikuwa anaendesha familia moja ya wageni, wakahama nchi, vitu vya nyumbani wakawagawia wafanyakazi. Mmoja akapata friji, mwingine makochi, yeye akaangukia mashine ya kahawa. Kitu kizito kama kinu, kina tangi dogo linalochemsha maji kwa umeme, na ubavuni mwa tangi kuna bomba nene la chuma ambalo juu yake umesimama mpini mrefu. Chini ya bomba unafunga kijichujio chenye mkono, ndani yake umejaza kahawa.

Mkewe hakukitaka kitu kile nyumbani kwao Chamazi, alisema kinakula meza nzima. Mama wakati ule alikuwa anaishi na mie, na mama bila kahawa hasemezeki. Basi Idi ilipofika mdogo wangu akatuletea, kaifunga utepe mwekundu kama bibi harusi. Akaniambia, "Dada, hii ndiyo wanayokunywa wenyewe huko kwao. Unajaza kahawa, unavuta, unaachia. Imekwisha."

Unavuta, unaachia. Maelezo yote niliyopewa juu ya mashine ile ni maneno hayo mawili, na lile la pili ndilo lililonivunja taya.

Kijitabu chake kilikuwepo, lakini kimeandikwa lugha ambayo hata binti yangu aliyefika chuo hakuitambua, alikigeuzageuza akakirudisha. Mie niliishia darasa la saba, sikuona aibu kutokisoma. Kahawa nilichukua kwa muuzaji wa kijiweni, anayekaanga na kutwanga mwenyewe. Nikamuuliza, "Hii yako inafaa kwenye mashine?"

"Bi mkubwa," akasema, "kahawa ni kahawa. Mashine itajua nini?"

Kosa lake ni dogo, lakini ni kosa. Unga wake ni wa chengachenga, wa kuchemshwa kwenye birika. Ukiutia kwenye mashine ile maji yanapita mbio kama kwenye mchanga. Kahawa ilikuwa inatoka nyepesi, rangi ya chai ya rangi, na mpini unarudi juu kwa kishindo vyombo vinatikisika kabatini. Tukadhani ndiyo tabia yake. Mama alikuwa anacheka, anasema, "Ina hasira hiyo, imezoea wazungu." Siku zote hizo, nikiachia, nilikuwa nimesimama wima. Kwa hiyo haikunipata. Ilikuwa inanisubiri niiname.

Hospitalini walinishughulikia vizuri, sina la kulalamika. Taya la chini lilikuwa limevunjika mahali pawili. Wakanifunga nyaya, juu na chini, nikae hivyo wiki sita. Uji kwa mrija, supu kwa mrija, maneno kupitia pua. Mdogo wangu akaja na gari, akasema huwezi kumhudumia mama na wewe unahudumiwa, ngoja nimchukue Chamazi. Sawa. Mama akafunga nguo zake. Pale mlangoni akageuka akasema, "Na mashine yangu."

Wakaipakia. Nilikuwa nimesimama na mdomo wa nyaya, naangalia mpini unatoka dirishani mwa gari.

Tangu siku ile sikukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda mpaka mlango wa uani narudi. Naanza kufua, naacha nguo kwenye beseni. Mama ana miaka sabini na kitu, mikono imekwisha. Mie nilikuwa nauvuta mpini kwa mkono mmoja, na nilikuwa naukazania. Yeye ataushika kwa mikono miwili, na mikono isipotosha atauegemea kwa kifua. Sasa akiuegemea, kidevu chake kinakuwa wapi? Nilikuwa nalijua jibu, maana nilikuwa nalo limefungwa nyaya.

Kupiga simu nisiongee ni kazi bure. Nikamwandikia mdogo wangu, herufi kubwa tupu: USIMRUHUSU MAMA KUSHIKA ULE MPINI. Akajibu baada ya nusu siku: "Dada punguza presha. Mashine haina kosa. Uliachia."

Nikaandika tena, taya linaniuma kote, msomee mama. Na tena. Siku ya nne akanitumia sauti ya mama. Mama anacheka, nyuma yake nasikia mvuke unapiga mluzi: "Pole, mwanangu. Lakini sikiliza, wewe uliachia. Mie siachii."

Mtaani nao wakalichukua. Kila anayekuja kunitazama, baada ya pole, anakaa kidogo, anauliza, "Ila uliachia, eti?" Mpaka fundi cherehani, ambaye hajawahi kuiona mashine, akanieleza jinsi ambavyo yeye asingeachia. Nikawa natikisa kichwa kukubali. Ukifungwa mdomo unakubali mengi.

Ni kweli niliachia. Sijawahi kukataa. Nilichokuwa nataka kujua ni kwa nini kitu cha kutengenezea kinywaji kimpige mtu namna ile kwa kukiachia, wakati nimeambiwa kuachia ndiyo matumizi yake.

Nyaya zilipotolewa, hata nyama sijajaribu, nilikwenda Vingunguti. Mdogo wangu aliwahi kusema kwamba kabla ya kuniletea mashine aliipitisha kwa fundi wa huko, karibu na machinjio, anayetengeneza pampu za maji na pikipiki. Niliulizia mara tatu nikampata. Kijana wa miaka thelathini hivi, kavaa ovaroli la bluu, amekaa kwenye tairi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetengeneza mashine ya kahawa, ile ya mpini?"

Alinitazama shavu, akanitazama mdomo ulivyokwenda upande. Akaweka spana chini.

"Imekupiga," akasema.

Nilikuwa sijamwambia chochote. Basi nikajua kuna jambo.

"Nani kakujulisha?" nikamuuliza.

"Kaa kwanza, mama. Kaa hapa."

"Sikai. Sema."

Akasema, lakini alianza mbali, kama watu wa makosa wanavyoanzaga. Akaniuliza kama nataka kujua inavyofanya kazi. Nikasema ndicho kilichonitoa Mwananyamala. Akachukua bomba la sindano, kubwa, la plastiki, analotumia kutilia oili mahali pembamba. Akavuta maji ndani, akaliinamisha.

"Ile mashine ni hiki kitu tu," akasema. "Ndani ya lile bomba nene kuna pistoni, kama hii. Juu ya pistoni kuna springi. Sasa nyie mnadhani ukivuta mpini chini unaikamua kahawa. Hapana. Ukivuta mpini chini, pistoni inapanda juu na springi inajikunja. Hukamui bado, unaweka nguvu akiba. Ukifika mwisho kabisa, pistoni inakuwa imevuka tundu, maji ya moto yanaingia chini yake. Hapo unashikilia, unahesabu mpaka tano, sita, kahawa ilowe ivimbe. Halafu unaurudisha mpini polepole, kwa mkono, mpaka usikie umeshika. Ukishika ndiyo unauachia. Springi inayasukuma maji taratibu, yenyewe, mpaka kahawa inaisha. Springi ndiyo hiki kidole gumba changu."

Akaweka kidole cha mkono wa pili kwenye mdomo wa bomba, akasukuma. Maji yakatoka kwa shida, matone. "Kidole hiki kinachoziba ndiyo kahawa yako. Ikiwa laini, imeshindiliwa, inazuia. Gumba linakwenda pole. Sasa ona." Akaondoa kidole. Akasukuma, maji yote yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Unga wetu ulikuwa wa kutwanga," nikasema. "Wa chengachenga."

"Haukuzuia kitu."

"Na nilikuwa nimeuvuta nusu. Sikufika mwisho."

"Nusu maji hayajaingia. Hakuna maji, hakuna kinachozuia. Springi imekaa juu ya hewa. Ukiachia pale inarudi yote kwa mara moja, na mpini unarudi nayo."

Nilikuwa nimezunguka pale gereji mara ngapi sijui, watu wa machinjio wananitazama. Nikamwambia, "Basi watu wote wenye mashine hizi duniani hawana meno?"

Akacheka, akaona sicheki, akaacha. "Zote zinapiga ukikosea. Ila springi ya kwake yenyewe ilikuwa imechoka. Nikatafuta, nikatia ya lori. Imeingia vizuri kabisa."

"Ya lori."

"Ndiyo, mama."

"Ina nguvu kuliko ile ya zamani?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaokota spana, akaigeuza, akaiweka tena chini. "Mama, mie nilimwambia braza. Wallahi nilimwambia. Nikamwambia hii niliyotia ni kali, mtu asiiguse mpaka nije nimwonyeshe, asiinamie mpini, asiachie kabla haujashika, itamtoa meno. Akasema atamwonyesha yeye mwenyewe."

Huyo ndiye fundi. Aliyetia springi ya lori kwenye kitu cha jikoni, akairudisha kwa mwenyewe na kujipangusa mikono. Lakini alisema mbele yangu alichokifanya, hakuniambia niliachia. Kabla sijaondoka nikamuuliza mpini unatokaje. Akanionyesha kwa kuchora kwenye vumbi: kuna pini moja ubavuni, ina kijiwaya cha kuizuia, unakichomoa kwa koleo, pini inatoka, mpini unabaki mkononi. Akanipa koleo dogo. Nikamuuliza mara mbili ni upande gani.

Chamazi nilifika kabla ya adhuhuri, Jumapili. Mdogo wangu yuko nje anaosha gari la kazini, suruali kaikunja. Mkewe alikuwa kwao. "Dada! Karibu, mbona hukusema unakuja?" Nikampita, maana kutoka ndani nilisikia ule mluzi wa mvuke.

Nikaingia mpaka mlango wa jikoni nikaganda.

Mama amepanda kigoda. Ameushika mpini kwa mikono miwili, ameulalia kwa kifua, unashuka kidogo kidogo, na uso wake uko juu yake kama mtu anayechungulia kisimani. Hakuwa ameniona. Mdomo wangu ukafunguka kumsalimia, na hapo hapo nikaufunga. Nikimwambia shikamoo atageuka. Akigeuka ataniitikia kwa mkono, kama anavyoitikiaga siku zote, hata uwe mbali namna gani lazima ainue mkono. Nikipiga kelele atashtuka. Nilivua kandambili. Nikatembea kwenye sementi kama mwizi, hatua tatu, nne, nikafika nyuma yake, nikaifunika mikono yake kwa yangu na kuubana ule mpini.

"Nani huyo?"

"Mie. Usiachie, mama. Toa kichwa huku."

"Unanisukuma?"

"Toa kichwa."

Akatoa. Tukaurudisha pamoja, pole, na nikaisikia nguvu ile ndani ya viganja, inasukuma kutoka chini, haina subira. Nikaukazania mpaka mpini ulipofika juu ukatulia. Mama akageuka juu ya kigoda chake, hasira tupu.

"Umekuwa mtu wa kuingia majumbani kimyakimya? Hata shikamoo imekushinda? Nayo ilivunjika?"

"Shikamoo, mama."

"Sasa hivi siitaki."

Mdogo wangu akawa amesimama mlangoni na sponji linadondosha maji. "Kuna nini?"

Nikamuuliza bila kugeuka, "Fundi alikwambia nini kuhusu huu mpini?"

"Fundi gani?"

"Una mafundi wangapi Vingunguti?"

"Dada, yale mambo si yalishapita? Mashine haina kosa. Mama anaitumia kila siku."

"Haina kosa."

"Haina."

"Haya," nikasema. Nikampisha. "Inama hapa. Weka kidevu juu ya mpini, vuta mpaka nusu, halafu uachie."

Akacheka. Mie na mama hatukucheka.

"Unavuta, unaachia," nikamwambia. "Si ndivyo ulivyonifundisha? Nionyeshe leo, sikuonyeshwa siku ile. Inama."

Hakuja. Alikuwa amesimama pale mlangoni, na miguu yake, sidhani kama mwenyewe alijua, ilirudi nyuma hatua moja. Mama akaiona. Mama macho yake hayajambo.

"Mbona huinami?" mama akamuuliza.

"Mama, huyu dada anataka ugomvi tu."

"Nimekuuliza mbona huinami."

Maji ya sponji yalikuwa yanaingia jikoni. Akaangalia chini, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi alisema springi ni kali kidogo."

"Alisema lini?"

"Siku niliyoichukua."

"Siku gani?"

"Kabla ya Idi."

"Kabla ya Idi," mama akarudia. Akashuka kigodani, mie nimemshika kiwiko, akautoa mkono wangu, akashuka mwenyewe. "Na mie ukaniacha niipande hii kila asubuhi?"

"Nilisahau, mama. Halafu ulikuwa unaiweza."

Nikangoja aseme la pili, lile langu. Wiki sita za uji. Meno manne, maana mawili mengine yalitoka baadaye. Nilingoja mpaka nikaona nangoja bure. Alizima mashine kwenye soketi, kana kwamba ndicho tulichokuwa tunakizungumzia, akarudi nje kwenye gari lake. Nikasikia maji ya mpira yanapiga bodi.

Huyo ndiye mdogo wangu. Alijua, akaleta, akafunga utepe. Nilipoumia alijua kilichoniumiza, akanitumia ujumbe kwamba niliachia. Na angemwacha mama aipande kesho yake kuliko kukubali kwamba zawadi yake ilikuwa na kasoro.

Nikatoa koleo kwenye mkoba. Kijiwaya kilinitoa jasho, kimekaa ndani, vidole vinateleza. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananitazama, hakuniambia niache wala niendelee. Pini ikatoka. Mpini ukabaki mkononi, mzito kuliko nilivyodhani, na mashine ikabaki tangi tu. Nikaufunga kwenye kanga, ncha ikawa inachungulia.

"Sasa nitakunywa nini?" mama akauliza.

"Birika si lipo."

"Lipo," akasema, kwa shingo upande.

Mama hakuniomba radhi na sikumtegemea aombe. Alinisindikiza, jambo ambalo hafanyi kwa sababu ya magoti. Tulipita mbele ya gari, mdogo wangu akaendelea kuosha tairi ambalo lilikuwa limeshatakata. Tukafika barabarani tukasimama kwenye kivuli cha duka lililofungwa, tunangoja bajaji. Ule mpini haukuniruhusu nitulie. Ni chuma tu sasa, hakina springi wala pistoni, lakini kila ncha ilipoelekea usoni kwangu nilikuwa naugeuza, nauhamishia kwapa la pili.

Mama alikuwa ananitazama. Akanyoosha kidole, akaligusa taya, juu juu, palepale lilipounganishwa.

"Inauma ukitafuna?"

"Inauma."

"Upande gani?"

"Kote."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nilikwambia, mama," nikasema, na bajaji ikasimama.